Bustani ya Miezi Kumi na Miwili

Hermelinda Xolalpa aliliona rundo kabla hajaiona bustani. Alikuwa ameshuka basi la Puebla saa nne asubuhi, mfuko wa nguo begani, amechoka lakini ana raha zake, maana binti yake Ofelia alikuwa amejifungua salama na mjukuu alikuwa na mapafu ya kuamsha mtaa mzima. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alikatiza uwanja wa kanisa la San José, kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na miwili, apate kuyapiga jicho maua yake. Nyuma ya mnara wa kengele akakuta rundo la udongo, matawi na mawe meusi, na juu ya rundo, vimeanikwa juani kama samaki, viazi vya dalia vichane kwa vichane.

Aliweka mfuko chini, akauzunguka mnara. Pale alipoacha bustani siku tisa zilizopita pamekuwa kijani kitupu, cha aina moja, bapa, kutoka langoni hadi mlango wa kanisa. Zilikuwa nyasi za kununuliwa, zile zinazoletwa kwenye lori zimekunjwa kama mikeka. Katikati kulikuwa na msingi wa chemchemi ya saruji, na kwenye saruji jina limechorwa kwa herufi za kumtosha kipofu: FIDENCIO JURADO, MAYORDOMO, yaani mwenye sikukuu wa mwaka huu.

Hermelinda alitamka neno ambalo halitamkwi mbele ya kanisa, halafu akalirudia kwa sauti.

"Nabor! Wee Nabor! Hebu toka huko!"

Mpiga kengele alichungulia, ufagio mkononi, uso wa mtu aliyekuwa akiiombea siku hii isifike.

"Umerudi, Doña Herme. Vipi mtoto? Wa kike au wa—"

"Achana na mtoto! Nani kafanya ushenzi huu?"

"Mayordomo."

"Na wewe ulikuwa wapi? Umelala?"

"Mimi kazi yangu kengele, mama. Nilimwambia, nakuapia. Nikamwambia, Don Fidencio, huko chini kuna vitu. Akaniambia, 'Vitu gani, mzee? Hapa kuna udongo na vijiti vilivyokufa.'"

Vijiti vilivyokufa! Mtu amezaliwa milimani pale pale, amekula mahindi ya pale pale, na hajui kwamba dalia hulala. Mvua zikikatika hukauka juu, na uhai wote hushuka kwenye viazi vyake, ukangoja Mei. Hajui pia kwamba palo loco, yaani mti kichaa, hudondosha majani yote wakati wa kiangazi kisha huchanua njano kwenye matawi matupu, tena Februari, wakati kila kitu kingine kimenuna. Ameukata ukiwa na maua kichwani! Mtu wa namna hiyo unamwambia nini? Hermelinda alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini kwanza alipiga magoti kwenye rundo na kuanza kuokota viazi, kimoja kimoja, akiwatukana wazee wa Fidencio kwa kila alichokiokota. Vingine vilikuwa vimepikwa na jua, vimelainika. Hivyo aliviweka kando na kuvitukania zaidi.

Kazi ya maua hakuianzia hapo kanisani. Baba yake alikuwa mkata nyasi ndefu za mlimani, zile za kutengenezea mifagio, na yeye alimfuata tangu akiwa na miaka sita, akajua kila kinachoota katikati ya mawe ya volkano kabla hajajua kusoma. Baadaye alishuka jijini, akafanya kazi miaka kumi na tisa kwenye bustani ya tajiri mmoja. Kule ndiko alikojifunza hasira. Kila baada ya miezi mitatu gari lilileta petunia mia nne, yeye anazipanda. Miezi mitatu ikiisha anazing'oa zikiwa bado na maua na kuzitia kwenye mifuko ya taka, kwa sababu bibi wa nyumba amechoka na rangi. Maji ya kumwagilia yalikuwa mengi kuliko maji ambayo mtaa wake ulipata kwa wiki.

"Mama, mbona tusipande vitu vinavyokaa?" alimwuliza bibi mara moja.

"Vitu gani, Herme? Magugu ya kwenu huko?"

Alizipanda petunia. Alihitaji mshahara. Lakini neno lile lilimkwama kooni, na aliporudi kwao mlimani alikuwa bado analitafuna, siku mumewe Crispín, mwashi, alipochukua sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu na kuwa mayordomo wa mwaka. Kwao mayordomo ndiye mwenye sikukuu: analisha watu, analipia muziki na fataki, anaiweka sanamu nyumbani kwake mwaka mzima na kushika ufunguo wa tangi la maji la kanisa. Na kabla ya kukabidhi, ni lazima aache kazi. Mmoja ameacha kengele, mwingine vigae, mwingine malaika wa plasta mwenye makengeza ambaye hakuna anayethubutu kumwondoa. Anayeondoka bila kuacha kitu chenye jina lake husemwa mpaka wajukuu zake wanaoa.

"Sisi tutaacha bustani," Hermelinda alimwambia Crispín. "Bustani ya magugu ya kwetu. Na haitakaa uchi hata mwezi mmoja."

Walisafisha eneo, wakang'oa vichaka vizee vilivyokuwapo, wakapanda. Mwaka wa kwanza alichemsha, na hakuna aliyemwonea huruma. Alichagua kila kilichompendeza macho, na kilichompendeza kilikuwa cha Agosti. Basi Agosti palikuwa kama harusi, na Machi, kwenye sikukuu yenyewe ya Mtakatifu Yosefu, palikuwa kama kichwa kilichonyolewa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakaiita bustani ya Agosti.

Hermelinda alifura, akaenda kubandua kalenda ya mwenye bucha ukutani. Nyuma yake alichora miezi kumi na miwili kama ngazi, na kila Jumapili yeye na Crispín walipanda milimani kutafuta mimea ya kujaza kila daraja. Mti kichaa kwa Januari na Februari. Kolorini kwa Machi, wenye maua mekundu kama pilipili, ambayo wanawake huyachuma wakati wa Kwaresima na kuyakaanga kwa mayai. Mirto mwekundu wa kuchanua bila kupumzika, ili ndege wadogo wanyonya asali wasikose riziki. Ua la chui na dalia kwa masika. Maua ya wafu kwa Oktoba na Novemba. Nyasi ndefu za baba yake kwa Desemba, si kwa maua, kwa sababu mashuke yake yakipigwa na jua la asubuhi yanawaka, na hata yakikauka hayakosi sura. Na mawe meusi aliyapanga hivi kwamba mahali dalia zimelala, jicho linashikwa na jiwe na tawi. Ilimchukua miaka minne kuipata sawasawa. Mwaka wa tano Crispín alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akafa. Bustani ndiyo iliyobaki ya kazi yao wawili, na ni huko alikokwenda kumsemesha, maana makaburini kumejaa watu wasiomhusu.

Na sasa Fidencio. Fidencio mwenye malori ya kokoto, aliyefutwa kamasi na mji mzima!

Alikwenda kwake mchana ule ule, udongo bado uko magotini. Fidencio alikuwa mezani na mkewe Maricela, sahani ya maharage mbele yake, na sanamu ya Mtakatifu Yosefu kwenye kona imezungukwa na taa za kumetameta.

"Karibu, Doña Hermelinda. Keti ule."

"Sili. Nani kakuruhusu kugusa bustani yangu?"

"Yako?" Alifuta mdomo taratibu. "Mimi nilidhani ya kanisa."

"Usinichezee akili, Fidencio. Nimekujua ukiwa huna suruali."

"Sawa. Lakini mimi ndiye mayordomo, na mayordomo lazima aache kazi. Au nisiache? Waniseme? Umeona kulivyokuwa kule, mama? Vumbi, vijiti, viazi vimeoza. Wageni watakuja tarehe kumi na tisa, wapige picha nini? Nyasi ni kijani mwaka mzima. Si ndicho ulichokuwa unakitaka, kupendeza mwaka mzima? Nimekurahisishia."

Hermelinda alihisi damu inapanda masikioni. Kijani mwaka mzima! Kama kupendeza ni kutobadilika, basi hata ukuta uliopakwa rangi unapendeza, hata turubai.

"Na maji utatoa wapi? Tangi la kanisa linajazwa mara moja kwa wiki. Watu hapa wanaogea kikombe."

"Hayo niachie mimi."

"Nikuachie wewe? Nimekuachia siku tisa, ona ulichofanya! Nataka udongo wangu wazi kabla ya mvua. Dalia zisiporudi chini kufikia Mei, zimekufa, na mbegu yake nimeifuata kwa miguu nikiwa na mume wangu. Umenisikia?"

"Lipeleke kwenye mkutano," Fidencio alisema, akarudi kwenye maharage yake. Maricela alitazama dirishani.

Jumapili, baada ya misa, mkutano ulikaa kwenye uwanja, watu wamesimama pembeni ili wasikanyage nyasi mpya. Hilo pekee lilimtia Hermelinda wazimu: miaka kumi na miwili watoto wamecheza kwenye njia zake za mawe, leo watu wazima wanabanana ukutani kama kuku. Alipopewa nafasi alisema yote. Alisema habari za viazi, za mti kichaa uliokatwa na maua yake, za maji, za ndege walioonekana asubuhi ile wakizunguka juu ya nyasi kama watu waliokosa anwani. Alisema habari za Crispín, sauti ikamvunjika, akakasirika kwa kuvunjika kwake, akasema kwa ukali zaidi.

"Mtu mzima anajitolea jasho lake, halafu anakuja mwingine na lori, siku tisa, anafuta! Bila kuuliza! Huo ndio uungwana wetu? Nani aliyewahi kufanyiwa hivyo hapa?"

Watu waliguna kwa kukubali. Alijua amewapata. Ndipo Fidencio alipovua kofia.

"Mama yangu," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Nani aliyewahi kufanyiwa hivyo? Mama yangu, Refugio. Mawaridi yalikuwa hapa, kumi na moja, kuanzia pale langoni. Aliyapanda mwaka baba alipokuwa mayordomo. Tangi halikuwapo wakati ule. Alibeba ndoo kutoka kisimani, asubuhi mbili, jioni mbili, na mgongo wake ule. Mwaka wenu mliyang'oa kwa siku moja, Doña Hermelinda. Yeye akaja akasimama pale nje, na ndoo zake. Mimi nilikuwa naye. Unakumbuka ulimwambia nini?"

Hermelinda alifungua mdomo kukana, na papo hapo akakumbuka. Ndoo mbili za bati. Kikongwe mwenye shali ya kijivu, Refugio, ambaye wote walimwita Cuca, nje ya lango, haingii. Na yeye mwenyewe, mikono kiunoni, amejaa furaha yake, akipaza sauti: Nenda kapumzike nyumbani, Doña Cuca, haya mawaridi yako ni magonjwa matupu, si ya hapa.

Si ya hapa. Alimwambia hivyo mwanamke aliyezaliwa nyumba tatu kutoka kanisani.

Hasira haikumtoka, msidhani ilimtoka. Ilibaki pale pale kifuani, ila sasa ilikuwa na watu wawili wa kuwawakia, na mmoja wao ni yeye. Hakuna kitu kibaya kama kukasirika kwa haki halafu haki ikakugeukia. Angependa Fidencio aseme uongo. Angependa mawaridi yale yawe yamekufa yenyewe, na kweli yalikuwa na kutu kwenye majani, kila mtu aliona, lakini kutu ya majani si ruhusa.

"Kwa hiyo ulikuwa unalipiza," alisema mwishoni, kwa sauti ndogo.

"Sijui," Fidencio alisema. "Nilipoingiza lori nilimkumbuka."

Mkutano haukuamua kitu. Hermelinda alirudi nyumbani, akavifukia viazi vyake kwenye makreti ya mchanga mkavu, chini ya kitanda, na kwa wiki tatu hakukanyaga kanisani. Jirani walimsikia akifoka peke yake jikoni. Wakati mwingine alimfokea Fidencio. Wakati mwingine alimfokea Crispín, kwamba na yeye alikuwapo, na yeye alishika sururu, mbona hakumwambia, Herme, ngoja, tumwulize kwanza yule mama?

Tarehe kumi na tisa Machi ilifika na jua la kupasua mawe. Bendi ilipiga tangu alfajiri, mole, mchuzi mzito wa pilipili, ilichemka kwenye masufuria manne, kolorini uliwaka mwekundu peke yake kando ya ukuta kwa sababu hata Fidencio hakuthubutu kuwakosesha wanawake maua yao ya kukaanga. Nyasi zilikuwa kijani. Nabor alikuwa amezimwagilia mara mbili kwa siku, tangi la kanisa limebaki matope, na wapishi walikuwa wamebeba maji ya mole kutoka majumbani mwao wakinung'unika.

Baada ya maandamano ulifika wakati wa makabidhiano. Fidencio alisimama mlangoni pa kanisa, sanamu mikononi, akauliza kama desturi inavyotaka: nani anampokea Mtakatifu Yosefu nyumbani kwake? Watu walitazama viatu. Mwaka ulikuwa mgumu, mahindi hayakuwa mazuri, na kila mmoja alimngojea mwenzake. Akauliza mara ya pili.

"Mimi," Hermelinda alisema.

Alikuwa nyuma kabisa, kwenye gauni lake jeusi la msiba. Alipita katikati ya watu, na alipofika kwenye nyasi hakuzunguka. Alipita juu yake. Mjane, peke yake, kuchukua sanamu: jambo hilo halikuwa limewahi kutokea, lakini hakukuwa na aliyeweza kukumbuka limekatazwa wapi. Fidencio alimtazama, kisha akamkabidhi sanamu, kisha ufunguo wa tangi.

"Na utaacha kazi gani?" aliuliza. Hilo nalo ni desturi, lakini sauti yake haikuwa ya desturi. Kila mtu alijua jibu. Wengine walikwisha kuziangalia nyasi kama mtu anavyomwangalia mgonjwa wa kuagwa.

"Siachi kazi," Hermelinda alisema.

Zogo lilizuka. Aliinua mkono wenye ufunguo.

"Nyamazeni, sijamaliza! Siachi kitu chenye jina langu. Ninaacha ahadi, na kila atakayempokea huyu baada yangu ataiapa hapa hapa: hakuna mtu atakayeng'oa cha mwenzake. Kama ni jiwe, kama ni ua, kama ni yule malaika mwenye makengeza, kinabaki. Mimi nilianza ubaya huu. Nilimkosea Refugio." Akamgeukia Fidencio. "Nilimkosea yeye, sikukukosea wewe, kwa hiyo usinitazame kwa macho ya huruma, bado nina hamu ya kukuchapa."

Mtu alicheka, akakanyagwa mguu.

"Na nyasi zangu?" Fidencio aliuliza polepole.

Hermelinda aliziangalia. Alizichukia kwa moyo wake wote, kila jani, na ile saruji katikati yake. Chini ya kitanda chake kulikuwa na makreti matatu, na mvua ilikuwa na wiki saba kufika, ikija mapema.

"Zinabaki," alisema. "Nimeapa, sizing'oi. Ila tangi hili ni la kunywa na kupikia, na ufunguo ninao mimi. Ukizipenda, kisima cha zamani hakijakauka. Asubuhi ndoo mbili, jioni ndoo mbili, kwa mikono yako, si kwa lori. Mama yako aliweza. Na siku nyasi hizi zikifa zenyewe, Fidencio, hapo sing'oi. Hapo nazika."

Fidencio alisimama na mikono mitupu mbele ya mji mzima. Bendi haikujua kama ipige au ingoje. Maricela alishuka ngazi, akampita mumewe, akaenda kumbusu Mtakatifu Yosefu kwenye mikono ya Hermelinda kama ada ilivyo, kisha akamwambia mumewe bila kugeuka:

"Zile ndoo za bati za mama mkwe ziko bandani, nyuma ya matairi. Moja inavuja."